Eda ya Yasini

Jumanne, 7 Oktoba

Ghalani tangu asubuhi. Taa za Krismasi zimeanza kufika, boksi juu ya boksi, na Oktoba haijafika hata katikati. Mgongo unauma. Treni ya kwenda kazini Jordbro ilichelewa tena, kahawa nimeinywa nimesimama.

Rustam kaleta zabibu kavu za kwao Bukhara. Yeye ndiye anayeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, na mizigo yangu huifikisha kwanza, hata bosi ameshaona. Zabibu kaziweka katikati ya meza, akasema ni za wote, halafu akaenda kukaa mwisho kabisa kama mtu anayesubiri basi. Wamecheka. Kila mtu pale anajua zile zabibu ni za nani. Nimekula tatu na kujifanya sina habari.

Hajasema neno la posa. Hawezi. Anaijua dini, na mke wa mtu haposwi. Kabla ya likizo aliniuliza, kwa Kiswidi chake cha kukwaruza, mume wangu yuko wapi. Nikamwambia sijui. Akadhani namfukuza. Ikabidi nieleze kwamba sijui kweli. Yasini alitoka hapa Alby, Sweden, kwenda Bujumbura kumwona baba yake mgonjwa. Siku moja akavuka mpaka kwenda Uvira, akasema atarudi jioni. Huu ni mwaka wa sita. Simu haiiti. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyemzika. Rustam akauliza: "Sasa wewe ni nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini swali natembea nalo mpaka leo. Mimi ni mke au ni mjane? Mtu mzima, na sijui.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekaanga ndizi. Zuhura kaifanya meza yote ya jikoni kuwa maktaba. Mwanangu anasoma historia ya dini chuo kikuu, na anaandika insha juu ya watu wawili wenye jina moja, Muhammad Shaybani. Ananieleza kwa Kiswidi, namjibu kwa Kiswahili. Ndivyo tunavyoishi.

Mimi nikadhani ni mtu mmoja. Nikamuuliza Zuhura, kadhi mzima alipata wapi muda wa kuteka miji. Zuhura kacheka mpaka machozi. Kumbe mmoja ni mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, kadhi wa Iraki, zama zile za mwanzo. Mwingine ni khan wa Wauzbeki, kaja karne nyingi baadaye, kaiteka Samarkand na Bukhara yake Rustam. Jina la khan limetoka kwa babu yake Mmongolia, hawana udugu wowote. Ila khan na watu wake walifuata madhehebu yaleyale ambayo kadhi ndiye aliyeyaandika vitabuni. Khan alikufa vitani. Kadhi bado anaamua kesi.

Basi nikauliza, kama utani vile, huyo kadhi wako alisemaje kuhusu mwanamke ambaye mume wake haonekani.

Zuhura kaacha kuandika. Kasema ataangalia. Ndizi zake hakuzimaliza.

Jumatano, 15 Oktoba

Ameangalia. Kanieleza asubuhi, amesimama, koti mwilini, kama daktari mwenye haraka.

Watu wa Kufa, ule mji wa Iraki, yaani Abu Hanifa na wanafunzi wake, wanasema mwanamke asubiri. Mpaka lini? Mpaka rika lote la mumewe liwe limekufa. Wanaifuata kauli inayosimuliwa kutoka kwa Sayyidna Ali, kwamba huyo ni mwanamke aliyepewa mtihani, na avumilie. Imam Malik wa Madina anaifuata hukumu ya Sayyidna Umar: asubiri miaka minne, kadhi aamue, kisha akae eda ya mjane, miezi minne na siku kumi. Imam Shafii, imamu wetu sisi watu wa Buyenzi kule Bujumbura, alisema miaka minne alipokuwa Iraki. Alipohamia Misri akabadilika, akasema asubiri mpaka ipatikane hakika. Kwa hiyo hata imamu wangu mwenyewe nimemkuta na kauli mbili.

Huyo Shaybani ndiye amenichanganya kuliko wote. Alisoma kwa Abu Hanifa. Akasafiri hadi Madina akasoma kwa Malik. Uzeeni mwake, Shafii naye akaja kusoma kwake. Yaani kauli zote zimepita masikioni mwa mtu mmoja. Nikauliza yeye aliona ipi ni sawa. Alibaki na ya Kufa. Mwanamke asubiri.

Rika la Yasini! Yasini ana miaka arobaini na minane. Rafiki yake wa utotoni nimemwona juzi kwenye simu anacheza harusini, jasho linamtoka, afya tele. Nianze kuwaombea mabaya wanaume wa watu?

Zuhura kafika mlangoni, kageuka. "Pappa lever," kasema. Baba yuko hai. Kafunga mlango taratibu, na hilo ndilo lililoniumiza. Angeubamiza ningejua la kufanya.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda kwa sheikh wa msikiti wetu, ule wa chini ya jengo. Mtu wa Tanga. Mpole, anapenda kukuna ndevu kabla ya kujibu, na leo kazikuna sana.

Kasema: "Mama yangu, mie Mshafii. Ukiniuliza kitabuni, nitakwambia subiri. Lakini nikikwambia subiri nikanyamaza, nitakuwa nimekutupa." Hapa hakuna kadhi. Wapo watatu wanaokaa mahali pa kadhi, yeye mmoja wao, na kwa dharura wanaweza kuichukua kauli ya Malik. Ila wanataka ndugu wa mume waje, waseme wanajua nini. Wakisema wana habari zake, mambo yanasimama.

Kaniuliza kwa nini sijaomba talaka mahakamani, hapa talaka ni rahisi. Nikamwambia sitaki talaka. Yasini hakunikosea kitu. Nitamwachaje mtu ambaye hayupo kujitetea? Kanitazama muda mrefu. Sijui kaona nini. Mimi mwenyewe nilipotoka nje nilijiuliza nimesema nini pale. Nataka kuwa huru au nataka Yasini asikasirike? Vyote viwili. Haiwezekani, lakini ndiyo hivyo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimempigia Shemeji Saidi, anayekaa Hagsätra. Kaka mkubwa wa Yasini. Bila yeye, watatu wale hawataamua.

Kakataa. Hakupaza sauti hata kidogo. "Shemeji, Yasini yuko. Njo vile. Weye ni bibi ya mtu, usitafute mambo." Nikamuuliza anajuaje. Kasema damu inajua. Kasema nikiendelea, nisimhesabu kuwa ndugu, na Zuhura atachagua pa kwenda siku ya Idi.

Nimeweka simu chini nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Nina hasira. Namwogopa pia. Hapa Sweden nina ukoo mmoja tu, ni wao.

Jumatatu, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma jana. Kiza kimetukuta bado tuko njiani, na watu wote wamenuna.

Kwenye kahawa nikamuuliza Rustam kuhusu yule khan. Nilidhani atajivuna. Kasema bibi yake alikuwa akimwita mwizi wa nyikani, halafu kacheka, kwamba labda yeye mwenyewe ni mjukuu wa mwizi huyo. Kasema khan alipoichukua Samarkand, mtawala kijana aliyekuwepo alikimbia, dada yake akabaki nyuma, khan akamwoa. Nikauliza dada aliridhia? Rustam kasema hajui. Hadhani kama kuna mtu alimuuliza.

Nimewaza juu ya yule dada mchana kutwa. Yeye hakuulizwa. Mimi naulizwa na kila mtu, na jibu sina.

Nimemweleza Rustam kauli za Kufa. Masikio yamemwiva. Kasema maulamaa wengi wa kwao siku hizi nao huichukua kauli ya Malik katika jambo hili. Haya. Mshafii ananipeleka kwa Malik, Mhanafi ananipeleka kwa Malik. Wamaliki wenyewe sijawahi kukutana nao.

Jumapili, 2 Novemba

Sina la kuandika. Nimefua. Zuhura ananijibu kwa kichwa tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Bado sijavua koti. Naandika hivyohivyo.

Leo ilikuwa hitma ya mama mkwe, nyumbani kwa Saidi. Hitma zao kila mara huangukia zamu yangu. Safari hii nilikuwa huru, nikasema nitakwenda, nisije nikaonekana nimesusa. Zuhura ana mtihani keshokutwa, akabaki. Wanaume sebuleni, sisi wanawake chumbani, mlango wazi. Viatu vimejaa mpaka kwenye lifti, jirani Mswidi kapita akaviangalia kama vinauzwa. Nilifika mapema, nikawasaidia sambusa. Wifi zangu walinipokea vizuri, vizuri mno, na mmoja alikuwa hawezi kunitazama usoni. Sikujali. Nilidhani ni yale maneno ya simu.

Wakasoma. Saidi akaongoza dua. Kama kawaida yetu, ukimaliza kusoma unawataja wafu wako mmojammoja, ili thawabu ziwafikie. Anayetaja huwa hafikirii, majina yanajipanga yenyewe kwa mazoea. Saidi akataja. Baba yetu Ramadhani. Mama yetu Mwamini. Shangazi yetu Tatu. Mdogo wetu Yasini. Na wote waliotutangulia.

Wakasema amin.

Sauti yake haikukwama. Amin yao haikukwama. Hata wale wanawake niliokaa nao walisema amin, wepesi kabisa, na ndipo mmoja akakumbuka nipo. Akamgusa mwenzake. Mwenzake akamgusa mwingine. Nikawaona wanageuka.

Nilikuwa na sinia mkononi. Ningelitupa ingekuwa afadhali. Nililishikilia mpaka vidole vikafa ganzi, na mtu akaja akalichukua kwa upole.

Kwa hiyo sio leo tu. Jina haliji mdomoni hivyo kwa mara ya kwanza. Hitma zote zile nilizokuwa kazini, walikuwa wakimrehemu. Mimi nasubiri simu iite, wao wanamsomea.

Nimemkuta Saidi jikoni. Kaniona akashika ukingo wa sinki. Hakujaribu kukana. "Shemeji, si ni mama njo alisema. Mbele ya kufa. Usimwache mtoto wangu bila Fatiha. Kama yuko hai, haimfanyi kitu. Kama alikufa, inamfikia."

Nikauliza kama kuna habari yoyote wamenificha. Kaapa hakuna. Hajui kitu, kama mimi.

"Na mimi?"

"Weye ni bibi yake."

Kwa Fatiha amekufa, kwa ndoa yu hai. Mtu mmoja. Nimevaa viatu vya mtu mwingine, nimegundua nikiwa tayari kwenye tunnelbana, treni ya chini ya ardhi.

Jumapili, 9 Novemba

Sielewi.

Kama alikufa, alikufa lini? Siku ipi? Nilikuwa nafanya nini? Labda nilikuwa nachagua mapazia. Labda nilikuwa nacheka.

Kama yuko hai, wanamsomeaje?

Nina hasira na Saidi na siwezi kuikamata vizuri. Kila nikitaka kumchukia namwona mama mkwe kitandani, anamshika mkono. Mama gani angesema vingine? Na mwanawe angemkatalia vipi?

Nimejaribu kulia. Haikuja. Mtu analilia nini? Nimekaa kama kifurushi kilichopotea anwani, hakiendi mbele wala hakirudi kilikotoka.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemwambia Zuhura. Nilidhani hasira yake itamgeukia ami yake. Imenigeukia mimi. Kasema nilikuwa nangoja tu mtu wa kwanza wa kumtangaza baba yake kuwa maiti, nipate kuolewa na dereva wa Jordbro. Kasema yote hayo kwa Kiswidi, haraka, na mimi Kiswidi changu cha hasira hakipo.

Kumbe anajua kuhusu Rustam. Kila mtu anajua. Hata mimi ambaye sijafanya kitu nimeonekana nimefanya.

Lakini je, ni uongo? Bila Rustam ningekwenda kwa sheikh? Nimejiuliza kwenye treni kwenda na kurudi. Sijui. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nampenda Rustam. Na nikisikia mlango wa lifti, bado roho inaruka kwamba ni Yasini. Yote ni kweli na yanakaa kifua kimoja.

Ijumaa, 21 Novemba

Sheikh kampigia Saidi mwenyewe. Hakunieleza alimwambia nini. Nilijua tu kwamba wiki ijayo watakaa, na Saidi kasema atakuja.

Naogopa akija. Naogopa asipokuja.

Ijumaa, 28 Novemba

Imekwisha. Au imeanza.

Chumba kidogo nyuma ya msikiti, birika la chai, watatu wamekaa. Sheikh wetu, mwalimu mmoja wa Kisomali, na mzee wa Kisudani ambaye, alhamdulillahi, ni Mmaliki. Nilitaka kucheka nilipoambiwa. Nimekutana naye hatimaye.

Saidi kaja na koti la Idi. Wakamuuliza kama ana habari za mdogo wake, za uhai au za kifo. Kasema hapana. Wakamuuliza kama familia imemtafuta. Kasema ndiyo, akataja hospitali, magereza, watu wa Uvira aliowatumia ujumbe. Mengi sikuyajua. Alikuwa akimtafuta muda wote huu na hakunieleza, ili nisikate tamaa. Halafu mzee wa Kisudani kauliza, kwa Kiarabu, sheikh akatafsiri: wewe mwenyewe, moyoni mwako, unamweka wapi?

Nilijua atasema yuko hai. Nilishajiandaa kusimama na kumwambia mbele yao: na ile hitma?

Saidi kavua kofia, kaiweka mezani. Kisha mtu mzima yule, mwenye wajukuu, kaweka paji la uso mezani na kulia kwa sauti. Kasema alimfundisha Yasini baiskeli. Hakusema kingine. Watatu wale hawakuuliza tena.

Sikusimama. Maneno niliyoyaandaa yote yakawa mabaya. Niliona kwamba mimi naomba ruhusa na yeye anazika. Kwa neno moja lilelile.

Wakaamua kwa kauli ya Malik. Muda umeshapita na kupita. Kuanzia leo mimi niko edani, miezi minne na siku kumi, kama mwanamke yeyote aliyefiwa. Hakuna mapambo, hakuna manukato, hakuna posa. Nilale nyumbani kwangu.

Mlangoni nikamwambia Saidi pole. Kaniambia pole. Tukasimama pale tukipeana pole kama watu wasiojua lugha nyingine.

Jumapili, 30 Novemba

Wamekuja wanawake, hata wifi zangu, na masufuria. Maharage, wali, isombe. Jirani yangu Mrundi, mlokole, kaja na biblia yake na keki, kaniombea kwa Kirundi mpaka nikapata joto. Wanauliza alifariki lini. Nasema juzi. Halafu najirekebisha. Halafu nawapa sahani.

Zuhura kafungua mlango, kapokea masufuria, kasema tack, asante, kwa kila mtu. Hajaniambia neno. Lakini hakuondoka nyumbani.

Jumatano, 3 Desemba

Hili sikulifikiria. Mwanamke wa eda atoke mchana kwa haja yake, usiku umkute nyumbani. Vizuri. Lakini hapa jua limezama kabla ya saa tisa alasiri! Mimi natoka kazini saa kumi, nafika Alby saa kumi na moja na zaidi, kiza totoro. Maghribi inanikuta katikati ya taa za Krismasi. Kila siku navunja eda nikiwa na fulana ya kazi?

Nimempigia sheikh. Kakuna ndevu, nilizisikia kwenye simu. Kasema ni dharura, nenda na urudi moja kwa moja, na usiku hasa ni wa kulala. Lakini hakuwa na uhakika, sauti ilikuwa inapanda mwishoni. Mimi nataka uhakika. Nimechoka na labda.

Bosi naye nimemwomba zamu ya asubuhi sana. Kauliza kwa nini. Nikasema nimefiwa na mume. Kaangalia kompyuta yake, kasema pole, kisha kauliza ni mume yupi, maana imeandikwa hapa kwamba sina. Nikamwambia ndiye huyohuyo.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimemwambia Rustam. Ilibidi. Nilimwambia neno moja tu, edani, na yeye akajua. Kashusha macho. Kwa desturi zote angepaswa kufurahi, sasa njia inafunguka. Hakufurahi. Kasema inna lillahi kwa ajili ya mtu ambaye hakumjua. Halafu kachukua kikombe chake, kahamia meza ya madereva, kanipa mgongo.

Wenzetu wamedhani tumegombana. Mmoja kaniuliza kafanya nini. Ningewaelezaje kwamba hiyo ndiyo adabu? Kwamba hajawahi kunisogelea kama leo aliponihama?

Mizigo yangu sasa inafika zamu yake ikifika. Nimeumia. Na nimemheshimu. Sijui nimeumia zaidi au nimeheshimu zaidi.

Jumanne, 9 Desemba

Zuhura kakaa mezani jana na leo, vitabu vyote wazi. Nilidhani ni ile insha. Leo kaniita. Kasema amekuta kitu, ataniambia kama sitafanya kelele.

Kumbe kanisikia nikiongea na sheikh. Kaenda kutafuta. Watu wa Kufa, walewale walionitaka nisubiri mpaka rika la Yasini liishe, ndio waliolegeza hapa. Wanasema mjane wa edani anaweza kutoka mchana na sehemu ya usiku kwa riziki yake, kwa kuwa hana wa kumlisha, ilimradi alale nyumbani. Sehemu ya usiku. Kaisoma mara mbili, kwa Kiarabu chake cha kubahatisha, halafu kwa Kiswidi, halafu akahangaika kuigeuza Kiswahili.

Sikufanya kelele. Nilimshika mkono tu na hakuutoa.

Siwaelewi wale wazee. Ni akili ileile, kitabu kilekile. Mlango huu wanaufunga, ule wanauacha wazi kidogo. Nimemuuliza Zuhura anawaelewa. Kasema hapana, na insha ni ya keshokutwa.

Kasema pia, akiwa anakusanya karatasi, kwamba yeye bado anaamini baba yuko hai. Nikamwambia sawa. Kasema lakini mimi nikae eda yangu. Nikamwambia sawa.

Jumatatu, 15 Desemba

Saidi kapiga simu. Anataka kusoma hitma ya Yasini, ya kwake peke yake, baada ya mwaka mpya. Ananiuliza siku gani siko kazini.

Nimemwambia Jumapili. Kisha nimekaa kwenye korido na kulia. Imekuja hatimaye, bila sababu, nikiwa na soksi moja mguuni.

Jumapili, 21 Desemba

Theluji nyembamba. Zuhura kalala hadi mchana, insha kaipeleka. Nimepika uji, nimepiga pasi, nimesali kwa wakati. Ghala limefungwa mpaka baada ya sikukuu. Rustam kaondoka kwenda kwao, nimesikia kwa wengine.

Watu wanauliza mwezi wa nne nitafanya nini. Sijui. Nilidhani ninasubiri ruhusa, kumbe baada ya ruhusa kuna mtu mwingine wa kusubiri, na ni mimi. Nikimaliza eda nikamtaka Rustam, nitamwambia. Nisipomtaka, nitamwambia pia. Leo siwezi kusema hata moja.

Nimebadilisha shuka jana. Zote mbili zimekwenda kwenye mashine, mito yote miwili. Miaka yote hii nimelala upande wa ukutani, mwingine nimeuacha umetandikwa. Jana nikajiambia basi, mwanamke wewe, hiki ni kitanda chako. Nikalala katikati kabisa, mikono nimetanua.

Asubuhi nikajikuta nimerudi ukutani.